Nasaba ya Makarani: Daraja na Urithi katika Batli za Java

Makala haya yahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi peke yao: namna programu za kompyuta zilizoandikwa kwa lugha ya Java zinavyoandika habari za mambo yanayotukia ndani yake wakati zinapofanya kazi, na namna ya kuuchungua na kuupanga mfumo uandikao habari hizo. Walakini sisi tushughulikao na lugha tuna haja nalo kwa sababu mbili. Kwanza, siku hizi hesabu nyingi za maneno tunazozitaja katika uchunguzi wetu hutoka katika programu za namna hii. Programu husoma kurasa elfu kwa elfu, huyakata maneno, hutenga mashina na viambishi, na neno isiloliweza huliacha ikaendelea na safari. Shahidi pekee wa neno lililoachwa ni ile habari iliyoandikwa. Ikiwa haikuandikwa, mchunguzi hupewa hesabu safi isiyo na dalili ya upungufu wowote, naye huichapisha. Pili, mfumo wenyewe umejengwa juu ya lugha ya ukoo: kuna mzazi, kuna mtoto, kuna kurithi. Maneno hayo yakifasiriwa kwa Kiswahili bila ya kupimwa, huficha tofauti moja ambayo ndiyo chanzo cha taabu nyingi. Kuifichua tofauti hiyo ndiyo nia yangu hapa.

Yafaa tuanze na maneno. Neno la Kiingereza litumiwalo kwa kumbukumbu hizi, yaani log, asili yake ni gogo la mti. Mabaharia walifunga kipande cha ubao kwa kamba yenye mafundo, wakakitupa majini nyuma ya chombo, wakahesabu mafundo yaliyopita mikononi kwa muda uliopimwa kwa kioo cha mchanga. Hivyo wakajua mwendo wa chombo. Hesabu ikaandikwa katika kitabu, na kitabu kikachukua jina la ubao. Kiswahili hakina haja ya kwenda kuazima, maana pwani yetu inalo neno batli, na kamusi za zamani zimelihifadhi kwa jambo hili hili la chombo. Katika makala haya basi nitaita batli ile kumbukumbu ya programu. Kile kiungo cha programu kipewacho habari ili kiziandike nitakiita karani. Na kile kizichukuacho habari mpaka mahali pake, iwe ni kwenye skrini, kwenye faili au kwenye kompyuta ya mbali, nitakiita tarishi. Katika maandishi ya Java wawili hawa huitwa Logger na Handler. Mtu aliyewahi kuingia katika ofisi ya serikali ya zamani hatapata taabu: karani huandika, tarishi huchukua bahasha.

Mifumo ya batli katika Java ni mingi. Uliojulikana sana hapo mwanzo ni Log4j, kazi iliyoanzishwa na Ceki Gülcü katika miaka ya 1990. Baadaye yeye mwenyewe akatunga mwingine uitwao Logback. Log4j ya kwanza iliacha kutunzwa mwaka 2015, na ya pili, iliyotoka mwaka 2014, yaendelea. Mfumo nitakaoueleza hapa ni ule uliotiwa ndani ya Java yenyewe tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002, jina lake java.util.logging. Nimeuchagua kwa kuwa kila mwenye Java anao, wala hauhitaji kuletwa kutoka nje. Mingine yafuata kanuni zile zile kwa sehemu kubwa, na mwishoni nitataja pale inapoachana.

Kila karani ana jina, na jina ndilo nasaba yake yote. Tuseme programu ya kukusanya msamiati ina makarani watatu, kamusi, kamusi.uchambuzi na kamusi.uchambuzi.vitenzi. Nukta hapa hufanya kazi ya neno bin katika majina ya watu wa pwani, ila mpangilio umegeuzwa: sisi hutangulia kumtaja mtoto ndipo tukapanda kwa baba na babu, na Java hutangulia kumtaja babu. Jina la tatu hapo juu tungelisoma Vitenzi bin Uchambuzi bin Kamusi. Nasaba hii haitegemei jambo jingine lolote. Karani aitwaye kamusi.uchambuzivitenzi si ndugu wa karibu wa vitenzi, ijapokuwa aliyeliandika jina hilo alikusudia awe hivyo na kusahau nukta; huyo ni mtoto wa kamusi moja kwa moja. Wala wanaoijua Java wasichanganye ukoo huu na ule wa klasi za programu, ambao una kanuni zake nyingine kabisa.

Juu ya wote yuko karani mmoja ambaye jina lake ni mfuatano wa herufi usio na herufi hata moja. Mafundi humwita mzizi, kwa kuwa huchora mti wao kichwa chini. Mimi nitamwita karani mkuu. Na kuna jambo la ajabu katika nasaba hii lisilopatikana katika ukoo wa wanadamu, nalo ni kuwa mjukuu aweza kuzaliwa kabla ya baba. Programu ikimwita kamusi.uchambuzi.vitenzi kabla kamusi.uchambuzi hajatajwa na mtu, vitenzi huwekwa chini ya kamusi, au chini ya karani mkuu ikiwa hata kamusi hayupo. Siku uchambuzi atakapotajwa, atapachikwa mahali pake katikati, na vitenzi atabadilishiwa mzazi papo hapo. Kwa hiyo swali la nani mzazi wa nani halina jibu la kudumu. Jibu lake ni la wakati ule ulioulizwa.

Kila habari ipelekwayo kwa karani huwa na daraja lake. Madaraja ni saba, nayo hupimwa kwa nambari: SEVERE ni 1000, WARNING ni 900, INFO ni 800, CONFIG ni 700, FINE ni 500, FINER ni 400, na FINEST ni 300. Juu yake kuna OFF, lizimalo yote, na chini yake ALL, lipitishalo yote. Karani naye huwekewa daraja, na daraja lake ni kama kizingiti cha mlango: habari iliyo chini yake hairuhusiwi kuingia, wala haiandikwi popote. Katika programu yetu ya msamiati, neno lililoshindikana kuchambuliwa kwa kawaida huripotiwa kwa daraja la FINE, kwani kwa fundi aliyeiandika ni jambo dogo litukialo mara elfu kwa siku. Kwa mwanaisimu ndilo jambo lenyewe. Kiambishi cha lahaja, kitenzi cha zamani, umbo asilolijua aliyetunga kanuni za uchambuzi, yote hayo yamo katika yale yaliyoshindikana. Nayo yote huishia chini ya kizingiti cha INFO, ambacho ndicho karani mkuu apewacho tangu mwanzo asipopangiwa jingine.

Hapa sasa ndipo yaingiapo maneno ya ukoo. Karani si lazima awe na daraja lake mwenyewe. Ukimwuliza daraja lake kwa agizo getLevel, huenda akajibu tupu, yaani hakuandikiwa kitu. Hapo mfumo hupanda kwa mzazi wake, na kwa mzazi wa mzazi, mpaka umpate wa kwanza aliyeandikiwa daraja, na hilo ndilo humtawala. Aliye karibu humshinda aliye mbali. Wanaisimu hawatalishangaa jambo hili: ndiyo kanuni ya kale ya wanasarufi, tangu Pāṇini, kwamba sheria mahususi huitangulia sheria ya jumla, na ndiyo iliyofanywa msingi wa DATR, ile lugha ya kuandikia msamiati iliyotungwa na Roger Evans na Gerald Gazdar mwishoni mwa miaka ya 1980, ambamo kila neno huchukua sifa za kundi lake ila pale lilipotajiwa sifa yake mwenyewe.

Mafundi husema kuwa mtoto amerithi daraja la mzazi. Je, twaweza kusema hivyo kwa Kiswahili? Katika mambo ya mali, urithi hauwi ila baada ya kifo. Mwenye mali yu hai hana mrithi, ana watoto tu. Katika mambo ya maumbile twasema mtoto amerithi sauti ya baba yake ingawa baba yu hai. Walakini hapo pia jambo limekwisha pita. Baba akiugua koo akapoteza sauti, mtoto haipotezi. Maana zote mbili za neno letu zataja kitu kilichohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine na kukaa huko. Katika Java hakuna kilichohama. Mtoto asiye na daraja hana kitu mkononi, hutazama juu. Mzazi akibadilishiwa daraja mchana, programu ikiwa katikati ya kazi, watoto wote wasio na madaraja yao hubadilika dakika ile ile, hata wajukuu wa mwisho. Aliyelishika neno kurithi kwa maana yake ya Kiswahili atadhani kwamba daraja alilolikuta kwa mtoto asubuhi ni mali ya mtoto, na jioni halitakuwapo.

Naona neno kufuata lafaa zaidi, nasi tunalo tayari katika sarufi. Twasema kivumishi hufuata ngeli ya jina. Katika kitabu kizuri, ukiondoa kitabu ukaweka mti, kizuri hakibaki na ki- yake kama urithi. Huwa mzuri mara moja. Hivyo ndivyo afanyavyo karani asiye na daraja: humfuata mzazi.

Kama jambo lingekuwa hilo tu, makala haya yangekwisha hapa. Lakini karani ana matarishi vilevile, na matarishi wana kanuni ya pili isiyofanana na ya kwanza. Habari ikishakubaliwa na karani aliyeipokea, karani huyo huwapa matarishi wake waipeleke. Kisha habari hupanda kwa mzazi wake, na matarishi wa mzazi nao huipeleka. Kisha kwa babu, hivyo hivyo mpaka kwa karani mkuu, isipokuwa njiani yuko karani aliyewekewa alama useParentHandlers kuwa la, ambaye kwake safari hukoma. Yafaa kuyaangalia mambo mawili katika mwendo huu. La kwanza, aliye karibu hamshindi aliye mbali. Wote hufanya kazi, na matarishi hujumlika. La pili, ambalo hata wenye uzoefu hulisahau, habari ikiwa inapanda haipimwi tena kwa daraja la wale inaowapitia. Mlango uliokaguliwa ni mmoja, ule wa karani aliyeipokea kwanza. Mzazi mwenye daraja la WARNING hawezi kuizuia habari ya FINE iliyopita kwa mwanawe. Matarishi wake wataichukua kama ilivyo. Hata kichujio alichowekewa mzazi hakitazamwi.

Basi chini ya neno moja la kurithi zimefichwa kanuni mbili zinazokwenda kinyume. Daraja hushuka, na la karibu hulifuta la mbali. Habari hupanda, na matarishi wa mbali huongezwa juu ya wale wa karibu. Asemaye tu kwamba mtoto hurithi daraja na matarishi ya mzazi wake atatarajia kuwa akimpa mtoto tarishi wake mwenyewe, yule wa mzazi ataachwa, kama daraja linavyoachwa. Hataachwa. Kila habari itaandikwa mara mbili, na mwenye kuhesabu maneno yaliyoshindikana kwa kuhesabu mistari ya batli atapata hesabu maradufu. Kwa matarishi napendekeza neno kushiriki: mtoto hufuata daraja la mzazi, na hushiriki matarishi wake.

Upo na mlango wa tatu. Tarishi naye ana daraja lake, wala halifuati la mtu yeyote. Yule apelekaye habari kwenye skrini, ConsoleHandler, huwa na daraja la INFO tangu mwanzo. Ndiyo sababu watu wengi humwekea karani daraja la FINE, wakaiendesha programu, wasione kitu, wakadhani kuwa maneno yote yamechambuliwa salama. Karani aliipokea habari barabara. Tarishi aliitupa mlangoni kwake. Katika mambo yote niliyoyataja, hili ndilo lenye madhara makubwa kwa mchunguzi, kwa kuwa kimya chake chafanana kabisa na kimya cha kazi isiyo na kasoro.

Kwa hiyo kabla ya kupanga hapana budi kuchungua. Programu yaweza kumwuliza msimamizi wa makarani, LogManager, orodha ya majina yote kwa agizo getLoggerNames, kisha kumwendea kila mmoja na kumwuliza mambo matano: mzazi wake wa sasa ni nani, ameandikiwa daraja gani, ni daraja gani linalomtawala kwa kweli, ana matarishi gani na madaraja yao, na habari zake zapanda au zakomea kwake. Mambo ya pili na ya tatu ndiyo yachanganywayo. Nitayaita daraja lililoandikwa na daraja litendalo. Sisi tuna mazoea ya tofauti ya namna hii: jina kiboko limeandikwa ki-, lakini twasema kiboko mkubwa amelala, na aliyetazama kiambishi peke yake asitazame upatanisho ataliweka katika ngeli siyo. Daraja lililoandikwa hupatikana kwa getLevel. Litendalo hupatikana kwa kupanda ngazi mwenyewe mpaka juu, au kwa kumwuliza karani kwa isLoggable kama angeikubali habari ya daraja fulani. Mfumo wa Spring Boot, unaotumiwa sana katika programu za leo, huyaonyesha yote mawili kwa kila karani, kila moja kwa jina lake. Nadhani ni mpango mwema kuliko huu wa Java yenyewe.

Katika kuchungua kuna tahadhari moja ambayo wenzangu wa kazi za nyanjani wataielewa upesi. Ukimwuliza karani kwa Logger.getLogger naye hayupo, mfumo hausemi kwamba hayupo, humzaa. Swali lenyewe hulibadilisha lililoulizwa, kama yule mtafiti aulizaye kama watu wa kijiji husema neno fulani, akaondoka akiwa amewafundisha. Njia salama ni kumwuliza msimamizi kwa agizo lake mwenyewe la getLogger, ambalo hurudisha tupu ikiwa karani hayuko, wala halizai.

Asiyetaka kuigusa programu aweza kuitazama kwa nje inapoendelea na kazi, kwa chombo kiitwacho JConsole kinachokuja pamoja na vifaa vya Java. Huko daraja la karani hutolewa kwa majibu ya namna tatu: jina la daraja, ikiwa limeandikwa, maandishi yasiyo na herufi, ikiwa karani yupo naye humfuata mzazi, na tupu kabisa, ikiwa karani wa jina hilo hayupo. Tofauti ya jibu la pili na la tatu ni ile ile tuifanyayo baina ya kiambishi sifuri na kukosekana kwa kiambishi. Katika simba mkubwa nafasi ya kiambishi cha jina ipo ingawa haikutamkwa. Katika kielezi kama sana hakuna nafasi hiyo. Mambo haya yakichanganywa katika batli, mtu hupoteza siku nzima akimtafuta karani aliyekosewa jina kwa herufi moja, akidhani ni mtoto mtiifu amfuataye mzazi wake.

Baada ya kuchungua, kupanga ni kazi fupi. Mpango waweza kuandikwa ndani ya programu au katika faili ya maandishi, na faili ni bora kwa sababu nitakazozitaja. Kwa programu yetu ya msamiati faili yatosha kuwa hivi:

handlers = java.util.logging.FileHandler
.level = WARNING
java.util.logging.FileHandler.level = ALL
java.util.logging.FileHandler.append = true
java.util.logging.FileHandler.encoding = UTF-8
kamusi.uchambuzi.level = FINE

Mstari wa pili, uanzao kwa nukta isiyo na jina mbele yake, ni wa karani mkuu. Kamusi humfuata yeye, kwa hiyo hunyamaza ila pakiwa na jambo la WARNING au zaidi. Uchambuzi ana daraja lake, na vitenzi humfuata uchambuzi. Tarishi ni mmoja tu, wa karani mkuu, naye hana kizuizi. Habari za FINE kutoka kwa vitenzi hupanda zikampita karani mwenye WARNING bila ya kuulizwa, zikaandikwa katika faili mara moja tu. Hakuna haja ya kumpa vitenzi tarishi wake.

Mistari ya append na encoding yataka maneno machache. Pasipokuwa na ule wa kwanza, FileHandler huanza upya kila programu inapoendeshwa, na batli ya jana hufutwa. Aliyeendesha mara ya pili ili kuhakikisha hesabu ya kwanza huwa ameuangamiza ushahidi wa ile ya kwanza. Ule wa pili wahusu hati. Kabla ya toleo la 18 la mwaka 2022, Java iliandika faili kwa hati ya kompyuta yenyewe isipoambiwa vingine, na katika kompyuta nyingi hati hiyo haikuwa na herufi za Kiarabu. Msomi achambuaye tenzi zilizoandikwa kwa herufi hizo angeikuta batli imejaa alama za kuuliza, yaani angejua kuwa maneno yameshindikana lakini asijue ni yapi.

Sababu ya kuipendelea faili ni hii. Msimamizi wa makarani huwashika kwa mkono mlegevu. Karani ambaye hakuna sehemu ya programu inayomhifadhi aweza kuondolewa katika kumbukumbu ya kompyuta wakati wowote wa kusafisha, na akiondoka huondoka na daraja alilowekewa na programu. Akiitwa tena, huzaliwa upya bila ya daraja, akamfuata mzazi wake. Kwa nje haionekani dalili yoyote. Batli iliyokuwa ikisema sana asubuhi hunyamaza adhuhuri. Daraja lililoandikwa katika faili halipotei hivyo, maana msimamizi huisoma orodha yake kila anapomsajili karani, na aliyezaliwa mara ya pili hupewa lile lile. Mwenye kulazimika kupanga ndani ya programu na amhifadhi karani wake mahali pasipofutwa.

Yamebaki mambo ya mifumo mingine. Programu ikihamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila ya mpango ulioandikwa, batli yake hubadilika ijapokuwa hakuna aliyegusa neno: karani mkuu wa Java huanza na INFO, wa Logback huanza na DEBUG lililo chini zaidi, na wa Log4j ya pili huanza na ERROR. Hesabu mbili za maneno yaliyoshindikana zilizotoka katika mifumo miwili hazilinganishwi mpaka daraja litendalo la kila moja lijulikane. Katika Log4j ya pili, kadhalika, nasaba si ya makarani wenyewe bali ni ya mipango yao, nayo hukaa kando. Karani huelekezwa kwenye mpango ulio karibu na jina lake.

Log4j hiyo ndiyo iliyopata sifa mbaya mwezi wa Desemba 2021, kwa kosa ambalo mwanaisimu hawezi kulipita bila ya kulitazama. Karani wake alikuwa akisoma ndani ya habari aliyopewa aiandike, na akikuta humo maneno ya umbo fulani huyatimiza kama amri, hata kwenda kuleta kitu kutoka kompyuta ya mbali na kukiendesha. Adui alihitaji tu kuandika maneno hayo mahali ambapo yangeingia katika batli. Ni kosa la kutopambanua neno lililotumiwa na neno lililotajwa, ambalo huwafundisha wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza kwa alama za mtajo. Matoleo yaliyofuata yalikwisha kulirekebisha.

Kuhusu matarishi, Log4j na Logback zote mbili zina kanuni ile ile ya kupanda na kujumlika, na alama ya kuizuia.  Neno ambalo watungaji wake walilichagua kwa Kiingereza ni additivity, lililotolewa katika kitenzi cha kuongeza.